Jibu Lililopelekwa Tukuyu

Sehemu ya Tisa

Msomaji, karatasi ile bado iko mkononi mwa Tusekile.

Tulimwacha amepiga magoti mbele ya kabati la Mama Rodah. Alikuwa ametumwa atoe kitambaa cha meza, kwa sababu akina mama wa kanisa walikuwa njiani kuja kusali. Kitambaa alikitoa. Chini yake akakuta bahasha ya telegramu iliyokwisha kufunguliwa, na juu ya bahasha jina lake yeye: Tusekile Mwambungu, mtoto wa watu kutoka Tukuyu, Tanzania, mwanafunzi wa chuo cha chai hapa Kericho, mgeni katika nyumba hii kwa mwaka wa pili sasa.

Akaisoma tena, labda macho yalikuwa yamemdanganya.

MAMA MAHUTUTI ANAKUITA NJOO UPESI MWAMBUNGU.

Macho hayakudanganya. Muhuri wa posta ulionyesha tarehe nne Mei, 1995. Leo ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na saba.

Siku ishirini na tatu!

"Cherotich!" Mama Rodah aliita kutoka jikoni. Ndilo jina alilompa jioni ile ya kwanza, Tusekile alipofika na sanduku lake wakati ng'ombe wanarudi zizini. "Cherotich, umepata hiyo kitambaa? Watu wako kwa geti tayari!"

Tusekile akainuka, karatasi mkononi. Akasikia miavuli ikikung'utwa barazani, viatu vikivuliwa, na sauti nne zikisalimu "Chamgei!" kwa pamoja. Akina mama wakaingia, vitabu vya nyimbo kwapani. Wa mbele alikuwa Mama Edinah, mwenyekiti wao, mwanamke mnene wa kucheka ovyo.

"Tusegile wetu!" akasema, maana ulimi wake ulilipa jina hilo g ya bure. "Leo hakuna ile shikamoo yako?"

Siku nyingine wangecheka wote. Mgeni huyu alikuwa burudani yao. Juma lake la kwanza mjini alikwenda kioski akasema, "Naomba maandazi mawili," na mwenye kioski akamfukuza akidhani ni ombaomba. Alitoa shikamoo mpaka kwa makanga wa matatu. Alionja mursik, maziwa yao ya mgando ya kibuyuni, akatema, na mwezi wa tatu akawa anaulizia kibuyu kabla hajavua viatu. Yote hayo akina mama hawa waliyajua kama wanavyozijua nyimbo zao.

Leo mgeni alisimama katikati ya sebule, na uso wake haukuwa wa kucheka.

Mama Rodah akaingia na birika. Akaiona karatasi. Akasimama pale pale.

"Mama," Tusekile akasema, "hii ni nini?"

"Wacha wageni wakunywe chai kwanza."

"Mama yangu yu hai au amekufa?"

Birika likawekwa mezani, juu ya mbao tupu.

"Sijui," Mama Rodah akasema.

Na huo ulikuwa ukweli wake. Hakujua.

Mama Edinah alichukua ile karatasi, akaisoma, akainyanyua mbali na macho, akaisoma tena. "Rodah! Wewe ulificha telegramu ya mtoto wa wenyewe? Mtu anaita mtoto wake akiwa kwa kitanda, na wewe unaweka chini ya kitambaa?"

"Niliweka."

"Kwa nini?"

Mama Rodah akakaa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwenye ng'ombe watatu na ekari mbili za majani chai. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole gumba kilichokakamaa kwa kuchuma. Hakumtazama Edinah. Alimtazama Tusekile peke yake.

"Mimi nilikuwa mwanafunzi pia," akasema. "Hakuna mtu hapa anajua. Mwaka wa sitini na moja, Kampala. Nilikuwa nasomea ukunga. Nilikuwa mgeni kama wewe, mtoto, sijui lugha, nalala na wasichana kumi na wawili kwa chumba moja, nikila matoke mpaka nikazoea. Nilikuwa namba mbili kwa darasa."

"Rodah, hujawahi kusema," mmoja wa akina mama akanong'ona.

"Ningesema nini? Siku moja telegramu ikaletwa. Mama mgonjwa sana, kuja haraka. Nililia kutoka Kampala mpaka Kisumu, na kutoka Kisumu mpaka Kaplong. Nikafika nyumbani. Unajua nilikuta mama anafanya nini?"

Mama Edinah akatikisa kichwa.

"Anakamua. Mzima kama wewe Edinah. Na huko kwa boma nikaona ng'ombe sita sizijui. Ilikuwa ya baba yake Johana. Wiki ya pili nikawa bibi ya mtu." Akapangusa mdomo kwa kiganja. "Bwana yangu Johana hakuwa mtu mbaya. Alikufa nikimlilia. Lakini kitanda yangu ya Kampala, mpaka leo sijui nani aliilalia."

Mvua ilikuwa imeanza tena kugonga bati, tone moja moja.

"Kwa hivyo hii ikikuja," akaendelea, "nikaona ni ile ile. Maneno ni ile ile! Na jina hapo chini ni Mwambungu tu. Mwambungu gani? Baba yako au yule mjomba yako mbaya?"

"Baba mdogo," Tusekile akasahihisha bila kujua anasahihisha. "Si mjomba."

"Huyo. Na wewe mwenyewe ulinionya, Cherotich. Umesahau?"

Tusekile hakuwa amesahau. Ndicho kilichomfanya ashike kiti.

Ilikuwa Januari, wanachambua maharagwe jikoni. Alikuwa amemsimulia Mama Rodah habari za Ambokile, mdogo wake baba, aliyekuwa amempatia mume: mtu wa makamo wa Kyela, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mama yake Tusekile alikataa. Baba hakusema ndiyo wala siyo. Na Tusekile, katika kuongea kwa kicheko, akasema maneno haya: "Mama, wakikosa njia watasema mama anaumwa. Siku hiyo nifungie ndani, usiniache niende."

Nifungie ndani. Kwa kinywa chake mwenyewe.

"Nilikuwa natania," akasema sasa, na sauti ikamvunjikia njiani.

"Mimi sikucheka siku hiyo," Mama Rodah akajibu.

Mlango ukagongwa. Aliyeingia alikuwa Maxine, mwanafunzi mwenzake Tusekile, amekuja na daftari la udongo na mbolea kwa ajili ya mtihani wa Jumatatu. Baba yake Maxine alitoka upande wa ziwani akaajiriwa kwenye kiwanda cha chai kabla hata yeye hajazaliwa, na msichana huyu alikuwa mwepesi wa miguu na wa maneno. Akaangalia nyuso za watu, akasoma karatasi juu ya bega la Edinah, akaelewa kila kitu.

"Sasa mnakaa hapa mkiulizana nini?" akafoka. "Tuse, huko kwenu kuna simu?"

"Ofisi ya kanisa. Mdogo wangu anafanya kazi pale."

"Posta inafunga saa sita na nusu. Saa hii ni saa tano na robo. Vaa viatu, twende!"

Wakatoka mbio.

Kutoka kwa Mama Rodah mpaka mjini ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye haraka. Walipita kando ya mashamba ya chai, wachumaji wakiwatazama kwa juu ya vikapu vyao. Maxine aliongea njia nzima. Mahututi si kufa, alisema. Shangazi yake Ayoo aliwahi kulazwa mahututi pale hospitali ya Kaplong, wakamchimbia mpaka kaburi, na sasa anauza samaki Chepilat na matusi juu. Tusekile aliitikia kila neno. Hakusikia hata moja.

Posta palikuwa na foleni. Bwana Nyamwange, karani wa simu za mbali, alimjua msichana huyu wa barua nyingi.

"Tanzania tena, dada? Andika namba hapa. Tukuyu ndiyo iko wapi, Dar?"

"Mbeya. Tafadhali, kaka, mama yangu ni mgonjwa."

Nyamwange hakuuliza zaidi. Akainama juu ya mtambo wake, akaita Nairobi, Nairobi ikaita Dar es Salaam, Dar es Salaam ikaita Mbeya. Ilichukua dakika arobaini. Maxine alisimama nyuma ya rafiki yake akimshika mkanda wa gauni, kama mtu anayemshika mtoto sokoni.

"Kibanda namba mbili!" Nyamwange akaita. "Umepata dakika tatu."

Tusekile akaingia, akainua mkono wa simu.

"Halo? Ofisi ya usharika."

Ilikuwa sauti ya Lusubilo, mdogo wake. Walizungumza Kinyakyusa, nami nakupa kwa Kiswahili, msomaji, neno kwa neno.

"Lusubilo, ni mimi."

Kisha yule mdogo wake akasema kwa upole wa kutisha:

"Umeshamaliza mtihani?"

"Mtihani upi? Lusu, mama anaendeleaje?"

"Usinichezee, Tusekile."

"Sichezi! Mama anaendeleaje?"

"Mama tulimzika tarehe kumi na tatu."

Kibanda cha simu hakina kiti. Tusekile aliteleza na ukuta mpaka akachuchumaa, mkono wa simu bado sikioni. Nje ya kioo aliona magoti ya Maxine.

"Halo? Upo?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Hatukukuambia?" Sasa upole uliisha. "Tulikupelekea simu ya maandishi, na wewe ukatujibu! NINA MTIHANI SIWEZI KUJA TUSEKILE. Nimeikariri. Baba mdogo aliisoma pale makaburini, watu wote wakaisikia. Wanawake waliguna. Baba alisimama akasema huyu si mwanangu aliyeandika, wakamkalisha kama mlevi."

Jibu? Jibu gani?

Tusekile alifungua kinywa aseme: Si mimi. Sikuandika. Sijui chochote.

"Ngoja," Lusubilo akamkata. "Dakika zinakwisha na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mama hakukuita."

"Simu inasema ananiita."

"Simu alipeleka baba mdogo. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, lakini kukuita hakukuita, alikataza usiambiwe. Aliposikia umeitwa alilia. Alisema, watamtoa shule kwa mgongo wangu, wampeleke Kyela. Jibu lako lilipofika, mimi ndiye niliyemsomea. Tulikuwa wawili tu chumbani, yeye na mimi. Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema tena. Halafu akacheka."

"Alicheka?"

"Mtu aliyekuwa hawezi kumeza maji, Tusekile. Akacheka mpaka nikamshika mgongo. Akasema, 'Huyo ndiye mwanangu. Hawampati tena.' Akalala. Hakuamka."

Laini ilikuwa na kelele za mvua, ya huku au ya kule, hakuna aliyejua.

"Kwa hiyo nataka kukulaumu ila siwezi," Lusubilo akasema, na sasa alikuwa analia. "Lakini mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyemwogesha."

Maneno yalikuwa kwenye ulimi wa Tusekile. Si mimi niliyeandika. Maneno matatu tu, na yangemtakasa mbele ya mdogo wake, mbele ya baba yake, mbele ya wale wanawake wote walioguna makaburini. Lakini maneno hayo hayo yangekwenda mpaka kwenye kile kitanda yakaufuta uongo uliomfurahisha mama mara ya mwisho. Marehemu angekuwa amecheka bure.

Akayameza.

"Sikiliza," Lusubilo akasema haraka. "Baba mdogo ameondoka Jumanne kuja huko. Anakufuata. Na safari hii hayuko peke yake, yuko na—"

Laini ikakatika.

"Lusu? Lusubilo!"

Nyamwange alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Imekatika huko Mbeya, dada. Si mimi. Kujaribu tena ni Jumatatu, tunafunga." Akamwona uso. Akavua miwani. "Pole sana."

Maxine alimtoa nje akimkumbatia. Hakuuliza. Mtu akilia hivyo haulizwi. Walisimama chini ya upenu wa posta, watu wa Jumamosi wakiwapita na mafungu ya sukuma wiki na magunia ya viazi, na mama mmoja asiyewajua kabisa akasimama, akamshika Tusekile kichwani, akasema "Mungu anajua," akaenda zake.

Baadaye Tusekile akasema, "Baba mdogo anakuja. Na yule wa Kyela, bila shaka."

"Lini?"

"Waliondoka Jumanne."

Maxine akahesabu kwa vidole. "Siku nne za njia. Hiyo ni leo! Tuse, usirudi kule. Twende kwetu kwa kempu ya kiwanda, ulale kwetu mpaka Jumatatu ufanye mtihani. Nani atakutafuta kwa nyumba ya Mjaluo?"

"Lazima nirudi."

"Kufanya nini?"

"Kuna mtu aliyejibu telegramu ile kwa jina langu."

Wote wawili walijua ni nani.

Walirudi katika mvua ya mawe. Punje nyeupe ziliruka juu ya majani ya chai kama mahindi ya kukaanga, na ndani ya dakika kumi majani yote ya kando ya njia yalikuwa yametobolewa. Maxine aliachana naye njia panda ya kempu. Alimwachia koti lake na kumwapia kwamba atakuja kabla giza halijaingia.

Akina mama walikuwa wameondoka. Vikombe vilikuwa vimeoshwa na kupangwa. Mama Rodah alikuwa amekaa mahali pale pale, kitambaa cha meza mapajani, hajakitandika.

Tusekile alisimama mlangoni akichuruzika maji.

"Walimzika tarehe kumi na tatu," akasema.

Mama Rodah alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeungua. Akatoka kitini akapiga magoti, mwanamke mzima, akainamisha kichwa mpaka kikagusa simenti.

"Nani aliyejibu?"

"Mimi."

"Uliandika jina langu."

"Nilienda posta asubuhi. Nikapanga laini. Nikaandika nina mtihani siwezi kuja, nikaandika Tusegile, karani akaniuliza kama ni g ama ni k. Nilitaka wakome. Nilikuwa nafurahi, Cherotich! Nilirudi nikiimba! Nilisema huyu moja hawapati." Alikuwa analia ardhini. "Kumbe mama alikuwa anakufa kweli. Nimekuibia mama."

Huyu mmoja hawampati. Wanawake wawili wasiowahi kuonana, mmoja Kericho na mmoja Tukuyu, na maneno yale yale.

Tusekile angeweza kumwambia. Angeweza kusema: mama yangu alilisikia jibu lako, akacheka, akafa akicheka. Ingekuwa kama kumpa maji mtu mwenye kiu. Lakini alikuwa ametoka kumzika mama yake ndani ya kibanda cha simu, na mkono wake ulikuwa bado haujawa na nguvu za kumpa mtu maji. Akanyamaza nayo.

"Inuka, mama."

"Siinuki. Nitakwenda na wewe mpaka Tukuyu. Nitasimama mbele ya baba yako niseme ni mimi. Wanifanye chenye wanataka."

"Inuka. Kuna gari."

Kweli kulikuwa na gari. Pijo nyeupe ya kukodi ilikuwa inapanda kijia cha matope, injini ikilalamika. Ikaingia uani, kuku wakatawanyika, ikasimama karibu na tangi la maji. Mlango wa gari ukalia. Hatua zikaja barazani.

Ambokile Mwambungu aliingia bila kubisha hodi.

Alikuwa amevaa suti ya kaunda ya rangi ya udongo, na kitambaa cheusi cha msiba kimeshonwa kwenye mkono wa suti. Siku nne za njia zilikuwa zimemtia macho mekundu. Nyuma yake hapakuonekana mtu.

"Shikamoo, baba mdogo," Tusekile akasema. Magoti yalikunjika yenyewe kwa adabu.

"Marahaba." Akamtazama Mama Rodah aliyekuwa anainuka sakafuni. "Mama, pole na kazi. Mimi nimefuata mtoto wangu. Sitakaa."

"Karibu chai," Mama Rodah akasema kwa midomo iliyokauka.

"Nimesema sitakaa."

Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua chini ya pua ya Tusekile.

"Hii ni ya nani?"

NINA MTIHANI SIWEZI KUJA TUSEGILE.

Lusubilo hakuwa ameisoma g ile kwenye simu. Ambokile alikuwa ameiona.

"Watu wa posta hukosea herufi," akasema taratibu. "Au si watu wa posta. Kuna wanaosema si wewe uliyeandika, kuna mtu alikuandikia. Ukoo unasema ni wewe. Mimi nimekuja kuuliza mara moja tu, na jibu utakalotoa ndilo nitakalolipeleka. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Kama si wewe, huna kosa. Chukua sanduku, panda gari, ukamlilie mama yako kama watoto wengine. Ng'ombe wanane wameshaingia nyumbani, na mwenyewe anakusubiri Kyela. Matanga yakiisha unakwenda."

Mama Rodah aliposikia ng'ombe, mgongo wake ulinyooka kama umechomwa.

"Na kama ni wewe," Ambokile akaendelea, "ng'ombe watarudi walikotoka. Hakuna mtu atakayeoa binti aliyemkataa mama yake kitandani. Lakini kwetu hutarudi. Kaburi lile hutalikanyaga, na jina lako tutaliacha hapa hapa Kenya."

"Bwana—" Mama Rodah alianza. "Bwana, hiyo karatasi—"

Tusekile akapiga hatua mbele yake.

"Ni yangu."

Mama Rodah akashika kinywa.

"Rudia," Ambokile akasema.

"Ni yangu. Niliandika mimi. Nilikuwa na mtihani, na sikuweza kuja."

Alipoyasema akaona kwamba yanasemeka. Aliyasema kwa ajili ya kicheko kile, kisiwe cha bure. Akafikiri, nitalia kesho, nitalia mwaka mzima, lakini leo nimeyasema, na huyu mtu aende.

Ila Ambokile hakuondoka. Wala hakukasirika. Alikuwa anatazama juu ya bega la Tusekile, kule mlango wa jikoni.

"Kaka," akasema, "umesikia mwenyewe."

Tusekile akageuka.

Baba yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakutaka kuingia nyumba ya watu na matope, kwa hiyo alikuwa amezunguka kwenda kwenye tangi kuosha miguu. Alikuwa peku, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimzunguka kama pete kwenye kidole cha mtoto.

"Baba," Tusekile akasema.

Yule mzee hakusogea.

"Nimepita Iringa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesoma orodha ya waliokufa. "Nimepita Arusha. Nimepita Nairobi. Kila tulipolala nilimwambia Ambokile, si yeye. Alicheka, nikamwambia, wewe ngoja tufike. Nilisema nitakwenda na miguu yangu, na mtoto wangu ataniambia mwenyewe."

"Baba, nisikilize—"

"Nimekusikia."

Akainama. Akavaa kiatu kimoja, kisha cha pili, polepole, bila kufunga kamba.

"Twende, Ambokile. Nilikuja kumwona mtu mwingine."

Akatoka kwa mlango ule ule wa jikoni. Ambokile akaikunja karatasi mara nne, akairudisha mfukoni, akatoka kwa mlango wa mbele. Tusekile alitaka kumkimbilia baba yake. Alitaka kupiga kelele, akasikia kicheko cha mama yake, akabaki pale pale.

Akahisi Mama Rodah anampita. Akamdaka mkono.

"Usiseme, mama. Ukisema wananichukua."

"Na nikinyamaza?" Mama Rodah akaelekeza kidole nje. "Huyo ni baba yako. Ya mama nilichukua. Na ya baba pia nichukue?"

Injini ya Pijo ikawaka.

Mama Rodah akajinasua. Alitoka peku, leso ikaanguka kizingitini, akakimbia juu ya mawe ya mvua yaliyokuwa bado hayajayeyuka. Gari lilikuwa limeshageuka, pua yake inatazama barabara.

"Mzee!" akapiga ukelele uliosikika mpaka ng'ambo ya bonde. "Mzee, simama! Ni mimi! Mimi ndiye niliandika!"

Taa nyekundu zikawaka. Gari likaserereka kwenye matope, likasimama.

Baba yake Tusekile alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva. Kupitia kioo chenye ukungu alionekana hageuzi kichwa.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa nyuma. Alikoketi Ambokile.